Tundu la Ukutani

Juzi pale Mikumi, muuza duka alifungua chupa ya mafuta ya nyonyo, na ile harufu nzito ikanirudisha nyuma ya nyumba yetu ya Malolo, nimebana jicho kwenye tundu la ukuta wa udongo.

Dada yangu alikuwa mwali, amewekwa ndani. Kila siku alipakwa yale mafuta, akaletewa nyama ya kuku, na akina mama wakaingia kumfunda huku wakicheka chinichini. Mimi nilibaki na maji na kuni, zamu yangu na yake. Nilimwonea wivu mpaka uji ukanishinda kumeza.

"Bibi, na mimi nataka kufundwa," nilimwambia bibi yetu, aliyekuwa amekaa mlangoni.

"Wewe bado. Umri wako ni wa kucheza. Nenda kachote maji."

Jioni nilirudi kwenye tundu. Dada akasogea, akanipitishia kipande cha nyama kwa vidole vyake vilivyong'aa mafuta.

"Leo mlicheza rede?" akanong'ona.

"Tulicheza."

Kabla hajawekwa ndani, yeye ndiye aliyekuwa akikaa katikati kukwepa mpira, na hakuna aliyeweza kumpiga nao.

"Katikati alikaa nani?"

"Mimi."

Nilisubiri aniambie siku hiyo wamemfundisha nini. Akachukua kitambaa, akakisokota, akaziba tundu kwa ndani.

Nilibaki nje na ile nyama mkononi, inanuka nyonyo.