Ubao wa Msonobari wa Merikebu Vilhelmine

Katika kisiwa cha Lyngø, kusini mwa Denmark, mtu akiagana na bahari hufanya moja kati ya mambo mawili: huketi kwenye benchi la bandarini na kuulaumu upepo, au hujifungia nyumbani akaunda merikebu ndogo ya mbao. Asmus Tofte hakuwa na nafasi kwenye benchi. Hakuna aliyemfukuza. Ila alipokaribia, mazungumzo yalikatika, mmoja akakumbuka kuku wake, mwingine akakumbuka dawa ya kifua, na haukupita muda Asmus akabaki peke yake na shakwe. Basi akaunda merikebu.

Aliiunda jikoni kwa miaka saba. Mke hakuwa naye, hakuwahi kuoa, na mkate wake mweusi na samaki wa kukaushwa kwa moshi alivila amesimama kando ya jiko kwa sababu meza ilikuwa imeshikwa. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane, na vidole vyake, vilivyowahi kushika nyundo ya kilo tatu, sasa vilishika misumari myembamba kama unywele.

Mgeni wake alikuwa mmoja tu, Laurits, mpiga kengele na mchimba makaburi wa kanisa, ambaye kwa kazi yake hakuweza kuchagua wa kuzungumza naye. Laurits alikunywa kahawa mlangoni na kushangaa. Wajenzi wote aliowajua walichonga gogo, wakalipaka rangi nene upande wa chini, kisha wakakimbilia milingoti na kamba, kwa maana huko ndiko kwenye sifa. Asmus alitumia miaka miwili mizima kwenye tumbo la merikebu, ubao baada ya ubao, taruma baada ya taruma, zile mbavu za ndani zinazoshikilia mbao, na rangi hakutia.

"Mzee, wewe unamshonea bibi arusi nguo ya ndani tu," Laurits akamwambia siku moja. "Na bwana arusi mwenyewe hayupo."

"Kanisani watu hukaa wapi?" Asmus akauliza.

"Kwenye viti. Wakae wapi tena?"

"Na merikebu huning'inia wapi?"

Laurits akainua macho darini. Kila kanisa la visiwa vile lina merikebu yake, imening'inizwa darini, omo, sehemu yake ya mbele, limeelekea madhabahuni. Mtoto hukua akiitazama, huoa chini yake, huzikwa chini yake, na maisha yake yote hajui sitaha yake ya juu inafananaje. Anachokijua ni tumbo. Laurits alikuwa ameipangusa vumbi merikebu ya zamani kwa miaka ishirini, na jambo hilo halikuwahi kumpitia akilini.

Merikebu iliyokuwa juu ya meza ilikuwa Vilhelmine, ya milingoti mitatu, iliyopotea mwaka 1931 kati ya Ureno na Newfoundland ikiwa na shehena ya chumvi na watu saba. Mmoja wa wale saba alikuwa Ejnar, mdogo wake Asmus. Asmus ndiye aliyekuwa seremala wa merikebu hiyo, naye alishuka Setúbal, bandari ya mwisho huko Ureno, siku tatu kabla haijang'oa nanga. Alirudi nyumbani kwa treni, akiwa mzima, na sanduku lake la vyombo begani. Kisiwa kilisema alinusa mauti akakimbia, akamwacha ndugu yake. Petrea, mke wa Ejnar, alimpokea mlangoni, akamsikiliza mpaka akamaliza kusema pole, akafunga mlango. Tangu siku hiyo hakumwita tena shemeji. Hakumwita jina lolote.

Yale ambayo Asmus hakuyasema siku ile, wala mbele ya baraza la uchunguzi, wala kwa mtu yeyote kwa miaka thelathini na moja, ndiyo aliyoyajenga. Majira ya baridi kabla ya safari, ubao mmoja wa tumbo la Vilhelmine, upande wa kushoto chini ya mlingoti wa mbele, ulikutwa umeoza. Ulihitaji mwaloni mrefu. Mzee Bylov, tajiri mwenye merikebu, hakutaka kungoja mwaloni. Akaamuru kipande kifupi cha msonobari, mti laini, na kwa kuwa kilikuwa kifupi, kiungo chake kikaangukia kwenye taruma lile lile lililobeba kiungo cha ubao wa jirani. Mtoto wa kisiwani anajua kwamba viungo viwili jirani havikai juu ya taruma moja. Ni kama kushona mishono miwili kwenye mstari mmoja wa karatasi na kutaraji isichanike. Baraza liliandika "dhoruba". Bylov alikuwa ameajiri nusu ya wanaume wa kisiwa, na nusu nyingine walikuwa wakingoja kuajiriwa. Asmus alikuwa mmoja wa waliongoja.

Sasa alitaka jambo moja tu. Alitaka Petrea aketi kwenye kiti chake cha kila Jumapili, ainue macho, na auone ule ubao. Petrea alikuwa binti wa fundi wa merikebu, asingehitaji kuelezwa. Angejua kwamba Asmus hakukimbia kwa woga, bali alishuka kutoka kwenye merikebu iliyokwisha kuhukumiwa na tajiri wake. Kwa ajili hiyo miaka saba ilitosha kuwa bei.

Wajumbe wa baraza la kanisa walikuja kuikagua, wakiongozwa na mwenyekiti wao, Konrad Bylov, mwana wa yule tajiri, mtu mpole mwenye viatu visivyopata tope. Merikebu ilikuwa imekaa kwenye kitako chake, tumbo limefichika. Walisifu kamba. Walisifu mtungi wa maji usiozidi punje ya dengu. Bylov aliguswa kuona merikebu ya baba yake, akasema itatundikwa Jumapili ya mavuno.

Jumapili hiyo kanisa lilinukia tufaha na ngano. Laurits alikuwa ameipandisha Vilhelmine asubuhi juu ya viti vya upande wa kushoto, na Asmus aliketi nyuma kabisa. Mchungaji alipoitaja merikebu na kuwaombea waliomo baharini, vichwa viliinuka vyote pamoja. Kisha kimya kikaingia. Kilianzia kwa wazee wa mbele. Mmoja alimgusa mwenzake kiwiko. Mwingine alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Juu yao, kati ya mbao za mwaloni zilizokolea rangi ya kahawa, kulikuwa na kipande kimoja cheupe, kifupi, na viungo viwili vimesimama juu ya taruma moja. Watu wale walisoma tumbo la merikebu kama wengine wasomavyo barua. Wimbo ulipoanza, nusu yao walisahau kuimba.

Petrea hakuangalia pembeni. Alitazama juu tangu wimbo huo mpaka baraka ya mwisho.

Baada ya ibada watu walikunywa kahawa ukumbini. Bylov alimfuata Asmus akiwa na kikombe mkononi na tabasamu usoni. Alisema kazi ni nzuri mno, ila desturi ni kupaka rangi chini, na ule weupe unaleta maswali yasiyo na faida kwa wafiwa. Mkono mmoja tu wa rangi nyeusi, kesho, na Laurits atafanya, Asmus asihangaike hata kupanda ngazi. Alisema kwa sauti ya chini na ya kirafiki, jinsi watu wa aina yake wanavyosema siku zote, kwa maana anayemiliki ukumbi hana haja ya kupaza sauti. Akaondoka bila kungoja jibu.

Ndipo Petrea akaja. Watu wakampisha. Alikuwa mdogo kuliko Asmus alivyomkumbuka, amevaa koti jeusi lililoshonwa upya kwenye kola.

"Ule ubao," akasema. "Nani aliupigilia?"

"Mimi," Asmus akasema. "Kwa amri ya tajiri."

"Kwa nyundo ya tajiri?"

"Kwa nyundo yangu."

Petrea akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia alilotarajia. "Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua. Ndiyo sababu nilishuka. Nilitaka uone, Petrea. Sikukimbia."

"Na Ejnar ulimwambia?"

"Nilimwambia tushuke wote. Alicheka. Akasema kama mimi siamini kazi ya mikono yangu mwenyewe, nani mwingine ataiamini."

"Ulimwambia mara ngapi?"

Asmus aliitazama kahawa yake. Kwa miaka saba alikuwa amepanga majibu ya maswali mengi, na hilo halikuwamo.

"Mara moja," akasema. "Alinikera."

"Mimi ningemwambia mpaka anichukie," Petrea akasema. "Ningemfunga kamba. Nilidhani ulikuwa mwoga, Asmus. Mwoga ningemsamehe, siku moja."

Akaweka kikombe chake mezani, kikiwa kimejaa, akatoka. Asmus alibaki katikati ya ukumbi, na kwa mara ya kwanza tangu 1931 watu walimtazama usoni, na alitamani wasingemtazama.

Jumatatu alikwenda kanisani mapema. Alimkuta Laurits amekwisha kuishusha merikebu na kuiegemeza kwenye viti, kopo la rangi nyeusi miguuni pake. Laurits hakufanya mzaha. Alisema ameamriwa, na kwamba labda ndivyo ilivyo heri kwa wote, hata kwa Asmus mwenyewe. Rangi ikipita, watu watasahau baada ya mwaka, kama wanavyosahau kila kitu.

Asmus aliona kwamba hiyo ni kweli. Ubao ule haukumtetea tena. Kila atakayeinua macho angeona ubahili wa mzee Bylov, na papo hapo angeiona nyundo iliyokubali, na mdomo uliosema mara moja ukachoka. Rangi ingewafunika wote wawili, tajiri na fundi, chini ya weusi mmoja. Hakukuwa na mtu duniani ambaye angemlaumu kwa kukubali. Petrea asingerudi kwa vyovyote vile.

Akatoa kisu chake kidogo. Mafundi wa visiwa vile huandika jina lao nyuma, kwenye tezi, na Asmus alikuwa ameiacha tezi tupu. Sasa alipiga magoti na kuchonga juu ya ubao wenyewe wa msonobari na mbao za jirani yake, kwa herufi ambazo mtu wa kiti chochote angezisoma: *Asmus Tofte aliupigilia. Bylov aliamuru.* Ilimchukua muda. Laurits alisimama ameshika ngazi.

"Ipandishe," Asmus akasema.

"Wataishusha tena, mzee."

"Najua. Ipandishe."

Iliteremshwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi Asmus aliikuta mlangoni pake, imefunikwa kwa gunia, milingoti miwili imevunjika. Tumbo lilikuwa limepakwa rangi nyeusi, nene, kwa haraka, mpaka matone yamegandia kwenye mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa. Hapakuwa na barua. Laurits hakuja kunywa kahawa siku hiyo, wala iliyofuata, wala baada ya hapo.

Asmus aliibeba ndani. Hakuigusa milingoti. Aliipindua juu ya meza ya jikoni, tumbo juu, akanoa kisu kwa jiwe, akakijaribu kwenye ukucha. Kisha akaanza kukwangua upande wa kushoto, chini ya mlingoti wa mbele, kidogo kidogo, kwa uangalifu mkubwa, asije akaondoa mti pamoja na rangi.