Neno "ndugu" lilivyonifunga, na shahidi alivyogeuka nikiwa tayari ndani

Wakuu, salaam. Hili lilinikuta mimi mwenyewe, na chumvi nimeiacha jikoni. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Enzi za Ujamaa nilipanga chumba Msimbazi. Kijana wa darasa la saba, mwenye aibu mpaka nikisalimiwa naangalia viatu.

Mwenye nyumba, Mama Manka, alikuwa na jogoo. Tulimwita Balozi, maana kama balozi wa nyumba kumi wa mtaa, alfajiri aliziamsha zote.

Siku moja Balozi akapotea. Mama Manka akaniuliza, nami nikaangalia viatu.

Basi. Nikawa mshtakiwa.

Shahidi alikuwa mmoja tu, Mzee Mponda muuza kahawa. Hakimu akamuuliza, "Nani alimchukua jogoo?"

"Ndugu, mheshimiwa."

"Ndugu huyu?" Akaninyooshea kalamu.

Mzee wa watu ni mstaarabu. Na enzi zile kila mtu ni ndugu, angesemaje?

"Ndiyo, huyu naye ndugu."

Kisha akaondoka kuwahi kahawa yake. Hakusikia kwamba nimepigwa miezi sita.

Alikuja kusikia barazani watu wakinilaani. Akashangaa. "Kafungwa kwa lipi? Mimi nilimtaja ndugu yangu Athumani, tumbo moja."

Rufaa ikakatwa. Nikajua mzee akishasema tu, natoka. Kumbe wapi.

Hakimu wa rufaa akavua miwani. "Mzee, shahidi akigeuka mtu akishafungwa, hatumwamini hivi hivi. Huenda amehongwa, huenda ametishwa, huenda ameona huruma. Sasa ulidanganya lini, siku ile au leo?"

"Sijadanganya, mheshimiwa. Siku ile nilisema ndugu. Leo nasema ndugu."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, niliona gereza linaniita.

"Maneno yako peke yake hayatoshi," hakimu akasema. "Kuna kingine?"

Mzee akasema Athumani anafuga kuku Kigamboni. Askari akavuka kwa pantoni ya Magogoni, na kesi ilipoendelea akaja na Athumani na kikapu chenye jogoo.

Athumani akaapa kwamba jogoo ni wake tangu kifaranga.

Mama Manka hakubishana. Alitoa mfuniko wa sufuria kwenye mkoba, akaugonga kama anavyowaita kuku wake wakale. Balozi akaruka kutoka kikapuni, akapita katikati ya miguu ya askari, akasimama juu ya kiatu cha mama. Akawika.

Hakimu akavaa miwani. "Hapo sawa. Shahidi amegeuka, na jogoo amemuunga mkono."

Akaandika kidogo, akasema, "Ndugu, uko huru. Nenda nyumbani."

Athumani ndiye aliyetangulia mlangoni. Askari akamrudisha kwa kola.

Wakuu, nilichojifunza: mahakamani mtaje mtu kwa jina lake na la baba yake. Neno likishamfunga mtu, kulirudisha mdomoni ni kazi, na si kila mtu ana jogoo wa kumsaidia.

Kuna ambaye shahidi wake aligeuka? Hakimu alimwamini? Andikeni. Nasoma polepole, lakini nasoma yote.