Haye kwa Kila Sentensi

Kazi yangu ni kuandika kuhusu muziki wa klasiki, na ninaifanyia Garissa. Nikisema hivyo Nairobi, watu hucheka, kisha hunitazama usoni kuona kama natania. Nikisema hivyo Garissa hawacheki, huuliza kama nimeolewa. Abti yangu, mjomba anayefanya biashara Elwak, hunipigia simu kila Idi, na salamu zikiisha huniuliza, "Na wale wazungu waliokufa, bado unaandika habari zao?" Humjibu kwamba ndiyo, na kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika.

Asubuhi huwa karani katika ofisi moja mjini. Alasiri ndipo huwa mwandishi. Nina safu yangu katika gazeti la Kiswahili, hutoka kila Jumamosi, na ndani yake huwaeleza wasomaji kazi moja ya okestra: iliandikwa na mtu wa namna gani, fidla zinaingia wapi, baragumu linalia kwa nini, msikilizaji ategee sikio kitu gani. Mara mbili tatu kwa mwaka husafiri kwenda Nairobi kusikiliza onyesho lenyewe. Safari moja, pale kizuizini karibu na daraja la Tana, askari alinifungua mkoba akakuta karatasi za nota. Akazigeuza juu chini, akazitazama kwenye jua.

"Hii ni ramani ya wapi?"

Nikamwambia ni muziki.

"Imba basi."

Abiria wenzangu walikuwa wamepanga foleni juani, vitambulisho mkononi, wakinisubiri. Nikaimba sauti ya selo, ile ya chini, mistari miwili. Askari akasikiliza kwa makini kabisa.

"Haina maneno?"

"Haina, afande."

"Haya, nenda."

Nimesoma tahakiki nyingi tangu siku hiyo, na chache zimekuwa za haki kuliko ile.

Lakini siku nyingi siendi popote. Nikitoka kazini hula, huswali, hulala chini kwenye sakafu ya saruji, maana kitandani joto halivumiliki, na kuvaa vipokea sauti masikioni. Husikiliza kazi moja mara tano, mara sita. Nina masikio mazuri, wacha nijisifu, kwa kuwa baadaye nitajiaibisha. Katika rekodi iliyofanywa kabla mama yangu hajazaliwa, naweza kukuambia ni mpiga baragumu yupi aliyeteleza na ni mpiga fidla yupi aliyevuta pumzi kabla ya wenzake. Umeme ukikatika, huandika kwa kalamu. Na baada ya swala ya Alasiri hutoka uani na karatasi zangu, kumsomea ayeeyo.

Ayeeyo ni bibi yangu, mama wa mama. Naye huniita mimi ayeeyo, kwa sababu kwetu mkubwa humrudishia mdogo jina la heshima analoitwa nalo, na mgeni akikaa nasi dakika tano hajui tena nani ni bibi ya nani. Amekulia kati ya ngamia upande wa Hulugho, akaja mjini akiwa mke wa mtu, akauza maziwa na mbuzi katika soko la mifugo miaka mingi. Huko ndiko alikookota Kiswahili chake, kwa askari, kwa madereva na kwa wanunuzi wa kutoka bara, ng'ambo ya Tana. Mimi na yeye huongea Kisomali kutwa, ila saa ya makala inapofika hugeukia Kiswahili, kwa heshima ya gazeti.

Kwetu mtu akisimulia jambo haachwi asimulie peke yake. Kila anapovuta pumzi, mmoja wa wasikilizaji humwitikia: "Haye." Maana yake ni endelea, tuko nawe. Msimulizi asipoitikiwa hunyamaza, hukunja kitambaa chake na kwenda zake, na lawama huwa ya wenyeji. Ujanani ayeeyo alikuwa akiitwa kwenye harusi za mbali ili akae mbele aitikie mashairi ya wanawake. Wenye mashairi walimwogopa. Haye yake ilikuwa na daraja: fupi kwa mstari uliofaa, ndefu kwa mstari mtamu, na kwa mstari mbovu alikuwa kimya tu, akichezea tasbihi.

Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi kwa miaka kumi na moja. Nilisoma sentensi, nikangoja. Haye fupi, sentensi inabaki. Haye ndefu, naichorea nyota. Kimya, naikata, hata kama niliipenda kama mboni ya jicho langu. Muziki wenyewe ayeeyo hana haja nao. Niliwahi kumvisha vipokea sauti, akasikiliza kidogo, akavivua.

"Hawa watu iko wangabi?"

"Themanini, ayeeyo."

"Themanini! Na hakuna hata moja najua kuimba?"

Lakini sentensi alizijua. Mhariri wangu wa Nairobi, ambaye hajawahi kufika Garissa na hadi leo anadhani tunalala kwenye mahema, alikuwa akisema hakuna mwandishi anayemsumbua kidogo kama mimi. Mimi nilipokea sifa zote bila kumtaja bibi.

Basi mwaka huu, Jumatatu moja, mhariri akanitumia ujumbe. "Dada," aliandika, "sentensi zako zimenenepa. Zamani nilikuwa nakata neno moja mawili. Siku hizi nakata nusu ukurasa na wasomaji bado wananilalamikia. Lete makala ya wiki hii tuione. Ikiwa ni hivi hivi, ukurasa nitawapa watu wa mapishi."

Ilinichoma. Sikuolewa mapema kama wenzangu, sikufungua duka kama wenzangu. Safu ile ndiyo kitu nilichokijenga kwa mikono yangu mwenyewe, na sasa ilikuwa inyang'anywe na pilau. Nilikasirika pia, kwa kuwa nilijua hana haki. Sentensi zote zilikuwa zimepita kwa ayeeyo. Tena siku hizi alikuwa ananipa haye ndefu tupu, nyota kila mstari, hata nikaanza kuamini kwamba kipaji changu kimekomaa.

Jumanne alasiri nikatoka uani kusoma. Ayeeyo alikuwa kwenye mkeka wake, mgongo kwa jiko, nyuma yake beseni la unga wa anjera, mkate wetu wa asubuhi, ukisubiri kuumuka. Makala ilihusu kazi ya polepole ya fidla na selo, kazi tulivu sana. Nikaanza.

"Sehemu hii ya pili, ambayo bila shaka yoyote ndiyo moyo hasa wa kazi yote nzima, hutambaa kwa upole usio na kifani wala mfano, huku fidla zikitandaza utando mwororo wa huzuni iliyo tulivu."

"Haaaye," akasema ayeeyo, macho usoni kwangu.

Nikachora nyota. Niliponyanyua kichwa, mbuzi wa jirani alikuwa ameingia uani, ametia kichwa chote ndani ya beseni.

"Ayeeyo! Mbuzi anakula unga!"

"Haaaye," akasema ayeeyo, kwa heshima ile ile.

Nilicheka kwanza. Nikadhani anatania, maana utani anao. Nikamfukuza mbuzi, nikarudi, nikaketi. Lakini haye ile ilikuwa sawa kabisa na ile ya fidla. Nikaishika karatasi yangu vilevile, nikasoma kwa sauti ile ile ya makala, "Sukari kilo mbili. Majani ya chai. Sabuni ya kipande."

"Haye. Haye." Na kwa sabuni alitikisa kichwa, kana kwamba imemgusa.

Nikainua karatasi nikafunika mdomo, nikasoma sentensi nyingine. Hakuitika. Nikashusha mabega, namna mtu anavyoshusha akimaliza kusema. "Haye," akasema.

Alikuwa akiitikia mabega yangu.

Sijui nieleze vipi aibu niliyoipata. Mimi, mtu wa masikio, ninayeandikia watu wazima namna ya kusikiliza, nimekaa hatua mbili na bibi yangu kila siku na sikusikia kwamba hasikii. Ishara zilikuwepo. Redio ya Kisomali aliyokuwa akigombana nayo kila asubuhi ilikuwa imenyamaza, nikafikiri betri. Alikuwa amehamisha mkeka ili jua linipige mimi usoni, nikafikiri anaogopa jua. Nilikuwa nasubiri sifa, basi, na anayesubiri sifa hana nafasi ya kuona kitu kingine.

Nikamkaribia sikio la kulia, nikapaza sauti. "Tangu lini?"

Akatambua kwamba nimejua.

"Tangu Ramadhani ingine. Si hii. Ile ingine."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe uliuliza?" Akaivuta shashi yake ya kichwani mbele, kama afanyavyo akitaka kuficha uso. "Na wewe nakuja kila siku na karatasi. Mimi niseme nini? Ninyamaze? Mtu akiongea beke yake, watu watasema ameshikwa na jini."

Nililia hapo hapo, na yeye akanikemea kwa Kisomali, akisema machozi yangu hayatarudisha unga wake.

Jumatano nikaomba ruhusa kazini nikampeleka kwa daktari. Daktari, kijana wa kutoka bara mwenye subira nyingi, akasema masikio yamezeeka tu, la kushoto limekwenda kabisa, la kulia lina uhai kidogo ukipaza sauti. Akazungumzia kifaa, akasema kitaagizwa Nairobi. Ayeeyo akataka kujua kama kifaa hicho kinachagua, kwamba asikie adhana na asisikie jenereta ya jirani. Daktari akasema hakichagui. Ayeeyo akasema atafikiria.

Makala ilitakiwa Alhamisi jioni. Alhamisi alasiri nikatoka uani na karatasi zangu, nikaketi upande wa sikio la kulia, nikaanza upya, safari hii kwa kupiga kelele. Sasa jaribu kupiga kelele maneno haya: "Sehemu hii ya pili, ambayo bila shaka yoyote ndiyo moyo hasa wa kazi yote nzima." Pumzi iliniishia kwenye shaka. Nikavuta nyingine, nikaishia kwenye moyo. Ayeeyo alingoja, mkono sikioni, uso mtupu kabisa, na mimi nikajiona nilivyo: mtu mzima anayetokwa na jasho juu ya neno "hasa."

Nikalikata. Nikakata "bila shaka yoyote," kwa kuwa kama hakuna shaka hakuna haja ya kutangaza. "Kifani wala mfano" vikaenda pamoja, kama vilivyokuja. Kilichobaki ni kile ninachoweza kukipiga kelele kwa pumzi moja.

"SEHEMU YA PILI INAKWENDA POLEPOLE!"

"Haye," fupi.

"FIDLA ZINAANZA, SELO ZINAZINGOJA!"

"Haye."

Huko nje watu walisimama. Ukuta wetu ni mfupi, na mtaa mzima sasa ulikuwa ukielezwa utulivu kwa sauti ya mnadani. Mwalimu wa hesabu kutoka bara, aliyepanga chumba cha pembeni na anayeimba besi kanisani, akatoa kichwa dirishani. "Dada, selo zinangoja nini?" akauliza, na swali lake lilikuwa zuri, kwa sababu sikuwa nimesema. Nikaandika. Mama wa maziwa akaingia langoni na madumu yake, akayatua, akajifuta jasho. Kwetu mtu akisimulia haachwi peke yake, awe anasimulia vita au fidla. Kwa hiyo naye akaanza kuitika.

"ZIKIINGIA, ZINAINGIA CHINI SANA!"

"Haye!" akasema mama wa maziwa.

"Haye!" akasema mwalimu, kwa besi.

"Haaaye," akasema ayeeyo, akifumba macho. Hakuwa akitazama mabega yangu, na hiyo nyota niliichora nikiwa na hakika nayo.

Tukaenda hivyo hadi mwisho wa karatasi. Mara tatu ayeeyo alinyamaza, mara tatu nikarudia kwa nguvu zaidi, na mara zote tatu ilikuwa hajasikia kweli, mara moja kwa sababu ya pikipiki. Koo lilikuwa linaniwasha. Ikabaki sentensi ya kufunga, ambayo nilikuwa nimeitunza tangu Jumapili na niliyoipenda kuliko zote. Nikasimama.

"MUZIKI HUU UNATUFUNDISHA KWAMBA UKIMYA NDIO SAUTI KUU KULIKO SAUTI ZOTE!"

"Haye!" akasema mama wa maziwa, aliyeguswa.

"Haye!" akasema mwalimu.

Ayeeyo kimya. Nikapiga magoti kando yake, nikaweka mdomo karibu na sikio lile la kulia, nikairudia yote kwa nguvu zangu za mwisho.

Ayeeyo akajipangusa sikio kwa ncha ya shashi.

"Nimesikia mara ya kwanza, ayeeyo," akasema. "Iko mbaya."

Nilimkumbatia mpaka akanisukuma. Kisha nikachukua kalamu nikaifuta sentensi ile. Makala ilitoka Jumamosi bila sentensi ya kufunga, na watu wa mapishi wangali wanasubiri.