Siku Niliyoagiza Kichwa

Kuna watu hapa Garsen mpaka leo wakiniona sokoni hujishika masikio na kucheka, nami hujifanya nasoma simu. Aibu ni yangu, siikatai. Ila nimechoka kusikia ikisimuliwa na wengine, maana kila anayeisimulia anaongeza pembe, na pembe zilikuwa mbili tu.

Mimi naitwa Komora na napiga gitaa la metali, ule muziki wa kunguruma. (Ndiyo, Garsen hii hii. Usinitazame hivyo.) Watu wakiniuliza nilifundishwa na nani hutarajia nitaje Wazungu wenye nywele ndefu, na kweli binamu yangu aliwahi kunipa kadi ya simu iliyojaa nyimbo zao, nikazisikiliza mpaka kadi ikafa, lakini mwalimu wangu wa kwanza ni mashine ya kusaga unga kule Hola nilikokulia. Mama alikuwa akinituma na mahindi, nasimama pale kwenye foleni nasikia injini inazunguka tupu, inaimba juu juu, halafu mwenye mashine anamwaga mahindi na ghafla sauti inashuka, inanguruma, unaisikia mpaka kwenye meno. Unga wangu ulikuwa ukitoka nami bado nimesimama. Sauti ile ndiyo ninayoitafuta mpaka leo.

Kwa hiyo gitaa langu, jeusi, la mtumba kutoka Mombasa, nimelitia nyuzi nene na kuzilegeza mpaka ule uzi mnene kabisa unalia kama fahali (likumbukeni hilo). Nina kikanyagio cha kukwaruza sauti, fundi wa redio alinitengenezea ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Ukikikanyaga, sauti iliyokuwa laini inageuka mngurumo. Na nina kichwa. Kichwa ndiyo ile mashine inayopokea sauti ya gitaa na kuikuza kabla haijafika kwenye spika, sisi wapigaji ndivyo tunavyoiita, na changu ni kizito kama jiwe la kusagia, kimevishwa ngozi nyeusi, na vile vifundo vyake vya kuzungusha mimi huviita masikio. Nilivizungusha miezi na miezi kabla sijaipata sauti ya Hola. Nilipoipata nikavipiga alama kwa wino ili mtu asivisogeze.

Sasa, nampenda Rehema. Baba yake, Mzee Jilo, ni mwalimu wa kwaya katika kijiji chao ng'ambo ya mto, na alikuwa amesikia kwamba kijana anayemtaka binti yake hupiga makelele. Dada yake Rehema alipokaribia kuolewa, mzee akaniita akaniambia, bila hata kunikaribisha kiti, "Utapiga harusini. Nikisikia muziki, tutaongea. Nikisikia kelele, kijana wangu, huu mto una njia moja tu kwako, ya kurudi."

Nikafanya mazoezi ya wimbo wa kanisani anaoupenda, nikiuanza polepole kwa heshima, halafu katikati mahindi yanamwagwa. Kila kitu kilikuwa sawa mpaka asubuhi ya harusi nilipofika mtoni nikauona mtumbwi. Mtumbwi mwembamba, mto umejaa, na mimi nimekumbatia kichwa changu cha thamani. Nikaogopa. Nikajiambia, si kanisa lina spika zake, nitachomeka gitaa humo moja kwa moja, nani atajua? Nikarudi nikakifungia kabatini, ufunguo wa nyumba nikamwachia jirani yangu Barisa, nikavuka na gitaa na mkebe tu. Uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo hivyo.

Nani atajua! Nilipochomeka na kukanyaga mkebe, spika ya kanisa ilitoa sauti ya nyuki waliofungiwa kwenye debe. Mzee Jilo alikuwa anapita na sahani ya pilau, akasimama, akaitazama spika, akanitazama mimi, akaenda zake. Nikakimbilia kichuguu nyuma ya kanisa, ndipo mtandao hupatikana, nikampigia Barisa.

Barisa ni Muorma, wa jamii ya wafugaji, ana bucha na hoteli ya supu kando ya barabara, na ni mtu mwema kuliko wote ninaowajua. Nikamwambia, "Barisa, niokoe! Niletee kichwa, kiko kabatini! Wageni wamejaa, wananingoja mimi!" Mtandao ulikuwa ukiyameza maneno yangu nusu nusu, kisha ukakatika kabisa. Akapiga tena.

"Komora! Unasema kichwa?"

"Kichwa! Panda boda, mbio!"

"Sawa, kiko tayari. Ngozi natoa ama naacha?"

Nikafikiria yale matope ya njiani. "Ngozi acha! Usitoe!"

"Na masikio?"

"Masikio usiyaguse, ndugu yangu! Hata moja! Nimeyaweka vile nataka!"

"Wewe umeweka?"

"Ndiyo, mimi!"

"Haya," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeamua kutouliza zaidi. "Lakini bado kina moto." Nikashangaa kidogo kina moto vipi na hakijawashwa, nikadhani labda jua linapiga kabati. (Kabati liko ndani ya nyumba. Akili ya mtu anayeogopa baba mkwe haiko nyumbani.)

Basi nikarudi nikaomba mikrofoni, nikawatuliza watu. Nikasema kichwa changu kiko njiani. Watu wakacheka, nikadhani wanafurahi pamoja nami. Nikaongeza kwamba bila kichwa kile mimi si kitu, kwamba nimekitunza kuliko mwili wangu, na kwamba kikifika namwomba Mzee Jilo mwenyewe akifungue, kwa heshima yake. Rehema, amekaa na wasimamizi wa bi harusi, alikuwa ananitikisia kichwa nisiendelee, mimi nikaendelea.

Barisa akatokea kutoka upande wa mto, amebeba gunia begani, shati limelowa, anatabasamu. Watu wakampisha. Nikiwa na gitaa shingoni nikatangaza, "Kimefika! Sauti yangu yote imo humo ndani!" Mzee Jilo akainuka taratibu, akavaa miwani, Barisa akaliweka gunia mezani mbele yake, karibu na keki, mzee akafungua kamba akalishusha gunia.

Kilikuwa kichwa cha fahali. Chekundu, kibichi, kina ngozi yake, kina masikio yake yote mawili hayajaguswa, ulimi umetoka upande mmoja.

Nawaambia ukweli, sikuelewa. Nilikuwa nakitafuta kichwa changu nyuma ya kile kichwa. Kila mtu alikuwa anajaribu kuelewa. Shangazi mmoja akasema ni uchawi, mwingine akasema ni desturi za huko Garsen. Bibi yake Rehema, ambaye haoni vizuri lakini anapenda ndoa, akauliza nani ameleta, akaambiwa ni yule anayemtaka Rehema, akapiga kigelegele kirefu. "Posa!" akasema. "Mtoto wa watu ameleta posa!" Na wanawake wengine, kwa mazoea tu, wakaitikia.

"Barisa," nikamnong'oneza, "hiki ni nini?"

"Kichwa!" Akakasirika, na akikasirika Kiswahili humponyoka. "Wewe nasema kichwa, mimi naleta kichwa. Mimi nauliza ngozi, wewe nasema acha. Mimi nauliza masikio, wewe nasema umeweka wewe! Mimi nafikiri leo Komora amepata wazimu, lakini ni rafiki, naleta tu."

Nikarudi nyuma hatua moja ili nifikirie. Nyuma yangu kulikuwa na mkebe.

Nilikikanyaga kile kikanyagio barabara, kiwiko kikagonga ule uzi mnene, na safari hii ile spika ya kanisa, sijui ni mungu gani aliyeiamsha, haikutoa nyuki. Ilitoa fahali. Mngurumo mrefu wa chini, ule wa Hola, sauti bora kuliko zote nilizowahi kupata maishani mwangu, ukatoka wakati kichwa kimetulia mezani na mdomo wazi.

Watu walikimbia. Viti vilianguka, watoto walipiga mayowe, mchungaji alionekana mara ya mwisho akielekea kwenye migomba, bwana harusi alimtangulia bi harusi (jambo ambalo nasikia bado linazungumzwa nyumbani kwao). Na mimi pia nilikimbia. Gitaa ni langu, liko shingoni mwangu, najua ni langu, na nilikimbia mpaka waya uliponivuta nikaanguka chali kwenye matope. Spika ikanifuata.

Nilipofungua macho, Mzee Jilo peke yake alikuwa bado amekaa mezani, miwani imepinda, mkono mmoja juu ya pembe kana kwamba anaizuia isisimame. Nikamwendea nikitambaa, nikaanza kueleza: kichwa, gitaa, mashine, masikio. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kichwa nimekiona. Mwili uko wapi?" Akawaita wapishi wakipeleke jikoni.

Supu ilikuwa tamu, walisema. Mimi sikuionja, nilikuwa nimeketi mtoni na Rehema, nikinuka matope, nataka kulia.

"Baba yako amenikubali au amenifukuza?" nikamuuliza.

"Kwani amekuambia nini?"

"Ameniuliza mwili uko wapi."

"Basi mjibu," akasema.

Niliwaza wiki nzima na sikupata njia nyingine. Fahali wa kutosha kumjibu mzee alikuwa mmoja tu ninayemjua, wa Barisa, na Barisa tangu siku ile alikuwa amekitamani kichwa changu, kile cha kweli, apigie matangazo siku ya mnada wa mifugo. Tukabadilishana, na fahali nikampelekea Mzee Jilo awe jibu langu. Tangu hapo nimeapa kwamba nikiagiza kitu nitakitaja kwa jina lake lote, hata mtandao ukikatika mara kumi, na kwamba sitaogopa tena mtumbwi, maana kama ningethubutu kuvuka nacho asubuhi ile kingekuwa bado changu. Ingawa, nikifikiria vizuri, na fahali bado angekuwa zizini kwa Barisa, na mimi ningekuwa bado nahesabiwa kelele. Sijui. Bado sijaelewa vizuri nilipoteza nini siku ile na nilipata nini.

Barisa alikuja kukichukua mwenyewe. Alikibeba mpaka mlangoni, akasimama akaziangalia zile alama zangu za wino, kisha akanigeukia kwa upole kabisa.

"Na masikio, Komora? Sasa naweza gusa?"

Nikamwambia ayaguse yote.