Fomu ya Mama Mshonaji wa Waithaka

Nilipokuwa nikisomea biashara chuoni, mwanzoni mwa miaka ya sabini, tulitakiwa kukaa miezi mitatu kwenye ofisi fulani tukijifunza kazi. Wenzangu walipelekwa kwenye mabenki na kampuni za bima. Mimi nikapelekwa kwenye shirika lililowasaidia Waafrika kuanzisha biashara, ghorofa ya tatu, katikati ya mji. Siku ya kwanza nilimuuliza mkubwa wangu, mwanamume mpole aliyevaa tai hata Jumamosi, kazi yenyewe ilikuwa ipi.

"Kusaidia wenye biashara," akasema.

"Tunawasaidia vipi, bwana?"

Akatazama nje ya dirisha kidogo. "Utaona," akasema, akanipa rundo la fomu.

Sikuona. Watu walipanda ngazi kofia mkononi, wakaulizwa maswali, wakashuka. Mshauri mmoja mgeni alichora maduara ubaoni, akayaunganisha kwa mishale, na wote wakatikisa vichwa kukubali. Nami nikatikisa. Nilikuwa msichana pekee pale asiyepiga taipu, na wageni waliniagiza chai mara kwa mara. Niliwaletea, kwa sababu sikuwa na hakika kama si kazi yangu.

Jumamosi moja alasiri nilitumwa Waithaka, nje kidogo ya mji, kumhoji mama aliyeomba chumba katika karakana ambazo shirika liliwakodishia wenye biashara, ili ashone sare za shule. Nilimkuta shambani akipalilia maharagwe. Akapangusa mikono kwenye leso, akanitazama juu hadi chini.

"Karibu, mwanangu. Ofisi ndiyo imekutuma wewe? Mdogo hivi?"

Nikasoma maswali kama yalivyoandikwa. Umewahi kumiliki biashara? Hapana. Una cheti cha ushonaji? Hapana. Una cherehani yako mwenyewe? Hapana. Kila alipojibu alinitazama, kana kwamba swali lenyewe lilikuwa bado linakuja.

"Yameisha?"

"Yameisha, mama."

"Haya. Kunywa uji kabla hujaenda."

Penye uzoefu nikaandika: hana. Wiki iliyofuata akaandikiwa barua ya kukataliwa.

Siku chache baadaye nikatumwa mtaa wa Parklands kwa fundi wa nguo, mzee Mhindi aliyetuandikia kwamba anafunga duka amfuate binti yake ng'ambo, akauliza kama tunamjua mtu wa kuchukua cherehani zake. Niliingia, nikamkuta yule mama wa Waithaka, futi ya kupimia shingoni, akikata kitambaa kwa mkasi mkubwa bila hata kuchora mstari.

"Wewe si yule wa fomu?" akauliza.

Fundi akacheka. "Unajua huyu? Miaka kumi na moja iko na mimi. Mimi napima watu tu. Kukata ni yeye, kola ni yeye."

Nikamgeukia. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliuliza kama nina biashara, nikasema sina. Uliuliza kama nina cheti, nikasema sina. Nikafikiri mambo ya kuajiriwa ofisi yenu haiyataki."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonichanganya zaidi. Nilirudi mjini nikamweleza mkubwa wangu yote. Akaifungua ile fomu, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena.

"Hapa hapana nafasi ya kuandika hayo."

"Niandike pembeni?"

"Pembeni hapasomwi." Kisha akateremsha sauti. "Mimi mwenyewe nilikuwa mwalimu wa jiografia. Nililetwa hapa mwaka jana."

Niliandika barua kuomba ombi la mama liangaliwe upya, nikaiweka mezani pake, na hadi leo sijui kama iliwahi kusomwa.

Mama na fundi hawakutungoja. Fundi alipoondoka, mama alibaki na duka na cherehani zote, akawaita wanawake wawili wa kwao wamsaidie. Nililijua hilo katika wiki yangu ya mwisho, nilipopewa ripoti ya shirika niisahihishe. Katika orodha ya biashara tulizozianzisha, jina la mama lilikuwamo.

"Bwana, huyu tulimkataa," nikasema.

"Faili lake si liko hapa? Na wewe ulimtembelea mara mbili?"

"Mara ya pili sikuwa nimemwendea yeye."

"Lakini ulimkuta." Akatia sahihi. "Umefanya kazi nzuri. Nitawaandikia chuoni."

Aliandika kweli, na nikapata alama za juu kuliko wenzangu wote. Profesa akanipa mkono mbele ya darasa. Nilitaka kusema kitu, nikashindwa kujua nianzie wapi, nikakaa.

Siku iliyofuata nikaenda Parklands. Niliona si haki mama awe kwenye ripoti bila habari. Alinisikiliza mpaka mwisho, pini midomoni, kisha akazitoa moja moja.

"Sasa nyinyi mlinifanyia nini?" akauliza. Hakuwa akinidhihaki. Aliuliza kama mtu aliyesahau jambo akataka kukumbushwa.

Nikafikiri. Nikafikiri tena.

"Sijui, mama."

"Haya," akasema. "Basi shika hapa ncha ya kitambaa, kisicheze."

Nikashika, naye akaanza kukata.