Nilichosema Kwenye Kitanda cha Matete

Nimekuwa matroni wa bweni la wasichana hapa Ilembo kwa muda mrefu, na miaka mingi ya kazi hiyo niliitumia kuomba radhi. Maji ya bafuni na chooni yalifurika kutoka kwenye shimo la zamani yakateremka hadi bondeni, kina mama wanakolima mchicha. Tuta la kwanza kuyapokea lilikuwa la jirani yangu, mama wa Kisukuma aliyehamia huku na mumewe pamoja na ng'ombe wao. Alikuwa anapanda kuja kuniona, na hakuwahi kupaza sauti.

"Mayu, mjukuu wangu anaharisha tena," aliniambia siku moja, akiniita mama kwa Kisukuma chake.

Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi.

Ndiyo maana mradi ulipokuja nilifurahi kweli. Wafadhili wa ng'ambo walikubaliana na shule wajenge kichujio cha mimea. Maji yangetulia kwanza kwenye shimo jipya, kisha yapite polepole kwenye kitanda kirefu cha kokoto kilichopandwa matete, na yakitoka huko yawe safi kiasi cha kutomdhuru mtu. Hakuna umeme, hakuna dawa. Nilielewa siku ileile, nikaamini.

Kilichonitia hasira ni namna walivyokijenga. Mhandisi, kijana aliyetoka Dar, alikuwa na haraka kwa sababu siku ya uzinduzi ilishapangwa. Kokoto za mwisho zilifika na mvua, zimejaa udongo mwekundu, nami nikamwambia zioshwe kwanza.

"Mama, mvua itaziosha," alinijibu huku akiandika ujumbe kwenye simu.

Kisha ikaja miche ya matete kwa lori, kutoka huko mbali, imeshaanza kuwa njano. Nikamwambia bondeni kwetu matete yapo tele, tungeyang'oa asubuhi moja tu. Akasema hii ni kazi ya kitaalamu. Nikanyamaza, na kwa kunyamaza kule najilaumu mpaka leo.

Walikata utepe, wakapiga picha, wakaondoka. Miche ikakauka. Udongo ukaziba nafasi kati ya kokoto, na shimo la kutulizia likajaa bila mtu yeyote kuleta gari la kunyonya. Kabla masika hayajaisha, maji yalisimama juu ya kitanda, meusi, yana mbu, yakaanza tena kushuka bondeni. Nilimpigia mhandisi simu mara nyingi. Alikuwa anasema yuko kikaoni.

Kisha wakaja kukagua. Alikuwepo mhandisi, na mtaalamu mmoja wa ng'ambo, mzee mwenye mvi na kofia ya majani, asiyejua Kiswahili. Mkuu wa shule alinisimamisha pembeni nikiwa nimevaa gauni langu la kazi. Mzee akaniangalia, akauliza kitu, na mhandisi akanitafsiria: anataka kujua unauonaje mradi.

Nilimweleza yote. Kokoto hazikuoshwa. Miche ilifika imeshaanza kufa. Shimo limejaa na hakuna aliyepangiwa kulitoa taka. Huko chini kuna watoto wanaumwa. Nilizungumza kwa muda, kwa utaratibu, nikimwonyesha kila kitu kwa kidole.

Mhandisi akamgeukia mzee, akasema kwa Kiingereza maneno machache tu. Kwamba mama anashukuru sana.

Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini hicho nilikisikia vizuri. Miaka yote ile ya kuomba radhi kwa uchafu ambao sikuuleta, na sasa mtu ananishukurisha mbele ya macho yangu.

"Hapana," nilimwambia mzee kwa Kiingereza changu hichohicho. "Sikusema hivyo. Nimesema kokoto chafu. Shimo limejaa. Watoto wagonjwa."

Mhandisi akaanza kueleza kwamba mama amechanganyikiwa kidogo, lakini mzee alikuwa ameshapiga goti. Alikunja mkono wa shati, akaingiza mkono kwenye kokoto mpaka karibu na kiwiko, akautoa umejaa tope jekundu. Alimwonyesha mhandisi mkono ule. Kisha akaniuliza mimi, polepole ili nielewe, matete ya hapa yanaota wapi.

Gari la kunyonya lilikuja wiki hiyohiyo. Tulizitoa kokoto kwa toroli, tukaziosha kwa chekeche, mimi na kina mama wa bondeni, na jirani yangu ndiye aliyechagua matete. Yalishika. Sasa yananipita kimo, maji yanatoka bila harufu, na mjukuu wake anasoma shule.

Baadaye mkuu wa shule alinionyesha ripoti ya mradi. Imeandikwa kwamba mwanzoni jamii haikuwa na uelewa wa kutunza kichujio, hadi ilipopewa elimu. Niliisoma sentensi hiyo mara mbili, nikamrudishia karatasi.

"Nani alitupa hiyo elimu?" nilimuuliza.

"Mama, ndivyo ripoti zinavyoandikwa," alisema.

Nilimwambia basi nyie endeleeni kuandika, nikaenda zangu kufyeka matete yaliyozidi.