Sauti Niliyompa Mama Yake

Filamu yenyewe ni mbovu. Nasema hivyo mapema, ingawa hainisaidii kitu. Ilipigwa kijijini huko Indonesia miaka mingi iliyopita, kwa pesa kidogo na haraka nyingi. Mwanamke anauawa na wanaume waliomdhulumu, anarudi na sanda na nywele hadi magotini, anawamaliza mmoja baada ya mwingine. Damu yake ni nyekundu ya sharubati. Uzi unaovuta kichwa cha mzimu unaonekana wazi. Na kila baada ya muda wasichana wanapelekwa kuoga mtoni, wamejifunga nguo moja nyepesi, bila sababu yoyote katika hadithi, na kamera inawaganda mabegani kama inzi. Aliyeitengeneza hakuwa na haya. Lakini siku hizi mimi si wa kumnyooshea mtu kidole.

Mimi ni mlinzi wa kike katika jengo moja la zamani mtaa wa Al Baraha. Nalala kwenye nyumba za kampuni Dubai Investments Park, basi linanileta asubuhi na kunirudisha jioni, na saa zote za katikati ni kiti, meza, daftari la wageni, na lifti inayogoma wiki moja baada ya nyingine. Kazi yangu ya maana ilikuwa ya Jumapili. Baada ya kanisa, sisi Wakenya na Waganda wachache tulikusanyika mtaa wa Naif, chumbani kwa mama mmoja wa Bungoma anayetupikia ugali na sukuma, na pale kwenye televisheni yake nilikuwa nawatafsiria filamu.

Kutafsiri ni neno kubwa kuliko nilichokuwa nafanya. Mjini kwetu, Kenya ya bara, palikuwa na kibanda cha video, na jamaa aliyeshika maikrofoni pale hakujua Kichina wala Kihindi. Aliwatia waigizaji maneno yake mwenyewe, akawapa majina ya majirani zetu, akamfanya jambazi adai nyanya sokoni, na watu walijaa kumsikia yeye. Nilikua nimekaa sakafuni karibu na spika yake. Nilipofika Dubai na kuona wenzangu wanakaa Jumapili wamenuna kila mtu na simu yake, nikapunguza sauti ya filamu ya kwanza iliyokuwa mbele yetu, nikaanza kusema. Tangu siku hiyo nikawa mtu. Nakiri nililipenda sana jambo hilo, kuwa mtu.

Ghorofa ya tatu ya jengo letu aliishi Bibi, ajuza mwenye asili ya Unguja aliyeletwa huku akiwa msichana. Kiswahili chake kilikuwa bado kilekile alichotoka nacho kwao. Aliishi na binti yake, ambaye sisi wafanyakazi tulimwita madam, na aliyemtunza alikuwa mwanamke wa Kiindonesia mwenye umri wangu. Alimwogesha, akamlisha, akambadilisha nguo, maana Bibi hakuweza tena kuwahi chooni, na jambo hilo lilimuumiza Bibi kuliko magoti yake. Yule Muindonesia alikuwa rafiki yangu. Akishusha taka asubuhi alisimama mezani pangu tukaongea Kiarabu chetu cha kazini kilichochanganyika na Kiingereza cha kuokoteza, na tulielewana vizuri tu.

Siku moja alinionyesha filamu ile kwenye simu. Akaisogeza mbele, akaisimamisha, akaweka kidole chini ya uso wa mwanamke aliyetoka jikoni na ungo mkononi.

"Mama yangu," akasema.

Watengenezaji walipanga nyumba kijijini kwao, mama yake akawapikia, na siku moja wakakosa mtu wa kuogopa mzimu mlangoni, wakamwita yeye. Anaonekana kwa muda usiotosha kumenya kitunguu. Mama huyo alifariki binti akiwa tayari huku Ghuba, wakamzika siku hiyohiyo kama ilivyo desturi yao, na yeye akapata habari akiwa anapiga pasi. Hakuna video nyingine ya mama yake popote. Na hata sauti ya humo si yake, akaniambia. Filamu zile zilipigwa bila sauti, kisha watu wa mjini wakaingia studio wakawasemea wote.

"Wamempa sauti ya mwanamke wa Jakarta. Mama hakuwa hivyo," akasema. "Wewe unawapa watu sauti, sista. Mpe na mama yangu. Nzuri."

Nikamwahidi. Na sikuahidi kwa mdomo tu, niliahidi kwa moyo. Jumapili ile kwenye metro nikienda Naif nilikuwa nimeshatunga sentensi. Mama angesema: Mungu awalinde wanangu popote walipo. Niliirudia kimoyomoyo vituo vinne.

Rafiki yangu alikuja amevaa gauni lake la Idi, na kopo la vibanzi alivyokaanga mwenyewe, akamgawia kila mtu. Akakaa mbele kabisa. Chumba kilikuwa kimejaa, wengine wamekaa juu ya vitanda, na tangu dakika ya kwanza mambo yaliniendea vizuri kupita kiasi. Mzimu nilimpa sauti ya msimamizi wetu wa zamu: "Mbona hukusaini kitabu? Leo utanijua!" Watu walikufa kwa kicheko. Mama wa Bungoma aliacha mwiko akaja kusimama mlangoni. Jamaa mmoja wa Uganda alikuwa anajipigapiga mapaja akisema, "Wacha! Aki huyu dada ataniua!"

Kisha kwenye filamu mama wa rafiki yangu akatoka jikoni na ungo. Rafiki yangu akainua simu yake, akaanza kurekodi.

Mzimu ukasimama mlangoni, ungo ukaanguka, mama akaachama mdomo, macho yamemtoka. Chumba kizima kikanigeukia kusubiri. Sentensi yangu ya metro nilikuwa nayo ulimini. Ila nilijua ikitoka tu kicheko kitakatika, na nilikuwa nakitaka kile kicheko.

"Ngoja kwanza!" nikapiga ukelele. "Mwenzako nimeshajikojolea! Tafuta mwenye kanga kavu!"

Sijawahi kuchekwa vile maishani. Watu walianguka vitandani. Rafiki yangu aligeuka akawaona wote wanavyofurahi kumwona mama yake, na yeye akacheka, huku anajifuta machozi kwa mtandio. Akaniuliza mbele ya watu nimemsemesha nini. Wenzangu wakaniangalia.

"Amesema, Mungu awalinde wanangu popote walipo," nikamjibu kwa lugha yetu ya kazini.

Akanishika mkono akaubusu. Hakuna aliyecheka tena, nadhani hata wao walisikia haya, ila hakuna aliyenisahihisha.

Wiki mbili zilizofuata alipita mezani pangu kila siku. Nilikuwa na nafasi kila siku. Ningeweza kumwambia dada, futa ile, nilikosea, nitakurekodia nyingine. Nilitunga hata namna ya kuanza. Halafu lifti inafunguka, anatoka na mfuko wa taka na tabasamu lake, namuuliza habari za Bibi. Woga wangu niliuita huruma, nikajiambia kwamba ukweli utamvunja moyo bure.

Kumbe alikuwa anajifunza. Usiku kucha na simu sikioni, neno kwa neno, mpaka akayashika yote. Bibi alikuwa anakwenda kufanyiwa upasuaji wa jicho, anaogopa, na rafiki yangu akaona hana zawadi kubwa kuliko kumpa dua ya mama yake kwa lugha ya Bibi mwenyewe. Asubuhi ile akamaliza kumbadilisha, akamvisha, akapiga magoti, akamshika mikono yote miwili na kumwambia polepole na kwa heshima: mwenzako nimeshajikojolea, tafuta mwenye kanga kavu.

Alinisimulia mwenyewe siku ya tatu yake. Bibi alikuwa amerudi kutoka hospitali salama, lakini hataki kuguswa naye, anamsubiri binti yake hata kwenda chooni.

"Nimefanya nini, sista?" akaniuliza. "Nilimwombea tu." Akanirudia maneno. Alikuwa amenasa kila kitu, hata ule ukelele wangu wa mwanzo, ameushusha tu ukawa wa taratibu.

Niliinama nikafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Labda ni dawa," nikamwambia. "Wagonjwa wako hivyo."

Kesho yake madam alishuka mwenyewe akasimama mezani pangu. Akaniuliza kama namjua Mkenya yeyote mpole anayetafuta kazi ya ndani, maana huyu waliye naye wanamrudisha kwa wakala, amemkosea adabu mama. Na hapa lazima niseme lote. Kabla ya kumfikiria rafiki yangu, nilimfikiria binamu yangu aliyekaa nyumbani bila kazi. Ilikuwa mara moja tu, ikapita, lakini ilikuja ya kwanza.

"Madam," nikasema, "naomba kuonana na Bibi."

Bibi alikuwa kitini, jicho limefungwa pamba. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti kavu. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama: filamu, chumba cha Naif, ungo, ahadi, kicheko. Nilipofika kwenye maneno yenyewe sikuweza kuyatamka mbele yake, nikasema "yale maneno," naye akatikisa kichwa kwamba basi, nikamwomba radhi. Madam alikuwa mlangoni amejiziba mdomo.

"Mie nlidhani kanicheka," Bibi akasema. "Mtu anonivua na kunivisha, nikadhani kumbe ananicheka siku zote. Siku tatu silali." Akairekebisha pamba ya jicho. "Mie ushaniomba radhi, nimekusamehe. Sasa mwite mwenyewe umwambie. Si mie nitakayemwambia."

Rafiki yangu akatoka jikoni anafuta mikono. Kiswahili kina maneno mengi ya kuzungukia jambo, lakini Kiarabu changu cha kazini hakina hata moja. Ikabidi niseme moja kwa moja kama mtu anayetoa taarifa ya zamu: mama yako, Naif, mimi sikusema dua. Nilisema mama amejikojolea. Watu wote walicheka kwa hilo. Halafu nikakudanganya.

Alimtazama Bibi kwanza. Nikaona anaelewa ni kitu gani alichomwambia mwanamke yule akiwa amemshika mikono. Akaenda akapiga magoti palepale, na Bibi akamvuta kichwa akakilaza mapajani, akawa anampapasa. Nilitamani wanifukuze. Hawakunifukuza, walinisahau tu, nikabaki nimesimama na kofia yangu ya kazi mkononi.

Baadaye alinisindikiza hadi kwenye lifti, maana ndivyo alivyolelewa, mgeni anasindikizwa. Uso wake haukuwa na hasira. Ningependa ungekuwa nayo.

"Siku ile mama alisema kitu kweli," akaniambia. "Nilikuwepo, mdogo, nyuma ya kamera. Nilimwogopa yule mzimu nikaanza kulia. Mama akaachama mdomo kama walivyomwambia, halafu akaniona mimi, akasema na mimi. Ukiangalia mwishoni kabisa, macho yake hayako kwa mzimu." Akabonyeza kitufe cha lifti. "Wa Jakarta hawakuniuliza alisema nini. Na wewe hukuniuliza."

Nikaona mlango wa kutengeneza mambo. Nikaona tayari Jumapili inayokuja, chumba kimenyamaza, nawaomba radhi wote, naicheza upya sehemu ile na kumsemea mama yake maneno yake halisi.

"Alisema nini, dada?" nikamuuliza. "Niambie, nitayasema vilevile."

Alinitazama kwa muda, kama mtu anayepima kama ataeleweka.

"Alikuwa anasema na mimi," akajibu, akanifungulia mlango wa lifti niingie.